Simuleta ya kuwafundisha walinzi lini wafyatue na lini wasifyatue: tununue au tutengeneze wenyewe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mafunzo kwenye kampuni ya ulinzi hapa Dar es Salaam. Tuna walinzi kama arobaini wenye silaha, wengi shotigani, wachache bastola. Wanalinda matawi ya benki na kusindikiza fedha. Shabaha wanapiga vizuri, shida ni uamuzi: mlinzi anamnyooshea mteja bunduki kwa sababu tu kaingiza mkono mfukoni. Kuna muuzaji katuletea ofa ya simuleta ya skrini na bosi anataka kujua kama inastahili hela hiyo. Kama haistahili, tufanyeje na projekta tuliyonayo ofisini?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwa bosi jibu ni fupi: msinunue mwaka huu. Simuleta ni chombo kizuri, lakini kinachofundishwa pale zaidi ni nusu sekunde ya mwisho, wakati tatizo ulilolieleza linaanza nusu dakika kabla. Mlinzi wako aliyemnyooshea mteja bunduki alikuwa ameshakosea mapema: alisimama karibu mno, hakuwa na kitu cha kujikinga, hakusema neno lolote. Alipoona mkono unaingia mfukoni hakuwa amejibakizia njia nyingine. Hiyo nusu dakika mnaweza kuifundisha kwa projekta yenu, simu yenye kamera ya maana, bunduki za mbao na mkufunzi anayejua kuuliza.

Kwanza mfahamu mashine yenyewe, muuzaji asije akawazungusha. Skrini inaonyesha video ya tukio, na ndani ya silaha ya mazoezi kuna leza. Ukivuta kifyatulio inatoa mwale wa mara moja, kamera inayotazama skrini inaunasa, kompyuta inajua risasi imetua wapi na sekunde ngapi baada ya tukio kuanza. Mifumo mizuri hutumia mwale wa infraredi usioonekana kwa macho, kwa sababu anayeiona nukta nyekundu huanza kulenga kwa nukta na kusahau vilengeo vya silaha yake. Baadhi zina gesi ya kuisukuma silaha irudi nyuma kama imefyatuka kweli. Kuna za skrini moja na kuna za skrini tano zinazomzunguka mtu digrii 300, na hizo za tano bei yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Nyuma ya yote anakaa mkufunzi anayeamua tukio liendelee vipi: mtu atii, akimbie, au ashambulie. Thamani ya mashine iko kwenye kiti hicho. Mkufunzi asipochagua kufuatana na alichosema na kufanya mwanafunzi, mmenunua mchezo wa video wa bei mbaya.

Ina udhaifu mmoja ambao kwenye maonyesho ya mauzo hauonekani. Kamera iliyopiga zile picha ilikuwa imesimama mahali pamoja. Mlinzi akirudi nyuma hatua tano, mtu wa kwenye skrini haendi mbali. Akijibanza nyuma ya nguzo, pembe haibadiliki. Akifanya mazoezi hivyo mara nyingi, mwili wake unazoea kusimama ulipo na kulimaliza jambo kwa silaha.

Na umbali ndio kila kitu, hasa hapa kwetu ambapo mlinzi anaweza kukutana na panga kabla hajakutana na bunduki. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule anaouhitaji askari kuchomoa bastola na kupiga. Alikuwa anawaonya askari waone hatari mapema na wajipatie nafasi. Miaka iliyofuata onyo hilo likageuzwa kuwa ruhusa: "akiwa ndani ya futi 21, piga." Ukimsikia mkufunzi wako analisema hivyo, mkatize. Mita 6.4 ni sababu ya mlinzi kuwa tayari ameshaweka gari, kaunta au geti katikati. Mwenye panga aliye nje ya geti lililofungwa, hata akiwa mita mbili, anakupa muda wa kuzungumza naye na kuita msaada.

Ushahidi nao unaegemea huko. Programu ya mafunzo ya polisi iitwayo ICAT, iliyotolewa mwaka 2016 na PERF, taasisi ya Marekani ya utafiti wa mambo ya polisi, inafundisha kupunguza kasi ya tukio, kutumia umbali na kinga, kuzungumza, na kuamua kwa hatua. Ilipofanyiwa utafiti kwenye polisi wa Louisville, Kentucky, matukio ya kutumia nguvu yalipungua kwa takriban asilimia 28, raia walioumia kwa asilimia 26, na askari walioumia kwa asilimia 36. Msingi wake ni mjadala na maigizo ya ana kwa ana. Mambo hayo hayahitaji skrini tano.

Sasa sheria, maana zoezi lisilo na kipimo cha sheria linaishia kwenye ubishi. Video zinazokuja na mashine za Marekani zimeandaliwa kwa kipimo cha huko, hasa hukumu ya Graham dhidi ya Connor ya mwaka 1989, inayouliza askari mwenye busara aliyekuwa pale pale angeonaje. Msikihamishe kipimo hicho mzimamzima. Yule anayesemwa ni askari wa dola. Mlinzi wa kampuni hana mamlaka ya askari, ana haki za raia. Kaeni na mwanasheria wa kampuni mchukue vifungu vya kujitetea vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mviandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha lindoni. Halafu kwa mafunzo chukueni kipimo kikali zaidi, cha Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Kanuni ya 9 inataka silaha ya moto itumike pale penye tishio la karibu la kifo au majeraha makubwa, njia nyingine zikiwa zimeshindikana. Kanuni ya 10 inataka ujitambulishe na utoe onyo linaloeleweka, kwa muda wa kutosha kutiiwa, isipokuwa kama kusubiri kutaleta hatari kubwa. Mlinzi aliyezoea kipimo hicho hatakuwa na shida kwenye kipimo chochote kilicho chini yake.

Tuje kwenye kutengeneza picha zenu. Hapa ndipo wengi wanaharibu, na kosa ni la jiometri tu. Tuseme mlinzi anasimama mita 4 kutoka ukutani. Mtu wa mita 1.7 aliye umbali wa mita 10 katika tukio anatakiwa aonekane ukutani akiwa na urefu wa sentimita 68: zidisha urefu wake kwa 4, gawanya kwa 10. Aliye mita 5 aonekane sentimita 136. Kamera ya kawaida ya simu inachukua eneo pana, hivyo ukirekodi bila kukuza na kurusha picha ya upana wa mita 3, watu wote wanatokea wadogo na wanaonekana mbali kuliko walivyokuwa. Mlinzi anajifunza umbali wa uongo, akienda lindoni anamwacha mtu asogee mno. Dawa yake ni kurekodi kwa ukuzaji wa mara mbili, kamera ikiwa kwenye miguu mitatu, usawa wa macho, yaani mita 1.6 hivi. Kabla ya kuanza kazi, simamisha mtu mita 10 kutoka kwenye kamera, rekodi, rusha ukutani, pima kwa futi kamba. Isipofika sentimita 68, rekebisha ukuzaji mpaka ifike.

Kila tukio lirekodiwe vipande vitano: mwanzo mmoja, na miisho ya kutii, kukimbia, kushambulia, na mmoja wa kusitasita, ambao ndio mgumu kuliko yote na watu huusahau. Ujanja wa kuunganisha ni huu: kipande cha mwanzo kiishe mwigizaji akiwa amesimama katika mkao fulani, tuseme mikono kiunoni, uso kwa kamera, na kila mwisho uanzie mkao huohuo, nguo zilezile, mwanga uleule. Vipange kwenye programu ya slaidi, kila kipande kitufe chake, uvijaribu mapema. Giza la nusu sekunde kati ya vipande linampa mlinzi taarifa kwamba "sasa kuna jambo", na majibu yake yote baada ya hapo hayana maana.

Matukio yatoke mitaani kwenu. Mteja wa ATM anagombana na mashine, anageuka ghafla na kuingiza mkono mfukoni, anatoa simu. Kelele za "mwizi!" kutoka upande wa Msimbazi, kijana anakimbilia mlango wa benki kujiokoa, nyuma yake kuna kundi lenye mawe. Bodaboda ya watu wawili inasimama ubavuni mwa gari la fedha kwenye taa za Mwenge, aliyepakiwa anafungua begi. Mtu aliyechanganyikiwa akili yuko nje ya geti na panga, hamtishi yeyote, anaongea peke yake. Askari polisi aliyevaa kiraia anafika na bastola mkononi baada ya tukio kwisha. Na uporaji wa kweli wenye silaha, ndiyo, lazima uwepo. Lakini katika matukio kumi, yanayostahili risasi yasizidi mawili au matatu. Kila zoezi likiishia risasi, mnamfundisha mtu kuisubiri risasi, na anayesubiri kitu hukiona hata kisipokuwepo.

Nizungumzie shotigani peke yake, kwa sababu leza inadanganya kwenye silaha hii kuliko nyingine yoyote. Skrini inaonyesha nukta moja. Mtutu unatoa marisau, yaani chembe nyingi zinazotawanyika. Risasi ya kawaida ya namba 00 ina chembe 8 au 9, kila moja na kipenyo cha milimita 8 na kidogo, na kila chembe ina uwezo wa kuua. Kwa mtutu usiobana mdomoni, kadirio la kufanyia kazi ni mtawanyiko wa sentimita 3 kwa kila mita: sentimita 30 ukiwa mita 10, sentimita 60 ukiwa mita 20, ambayo imeshapita upana wa mabega ya mtu. Bunduki na risasi hutofautiana, kwa hiyo nendeni uwanja wa shabaha na makaratasi makubwa mpime zenu. Kwa kuwa marisau yanapanuka sambamba na umbali, ukutani kwenu, mlinzi akiwa mita 4, duara ni lilelile kwa tukio la umbali wowote: sentimita 12. Kata karatasi ngumu yenye tundu la upana huo. Mlinzi akishafyatua, simamisha picha, weka tundu pale nukta ilipotua, mwambie ahesabu vichwa vilivyomo, pamoja na vya walio nyuma kabisa. Kwenye ile picha ya Msimbazi atamkuta kijana, kipande cha bega la machinga, na mama mwenye ndoo upande wa pili wa barabara. Zoezi hilo linanyamazisha ubishi wote wa "lakini nilimpata".

Leza yenu iwe ile ndogo ya kuonyeshea slaidi, ya nguvu ndogo, imefungwa kwa utepe wa gundi kwenye bunduki ya mbao, kitufe kikiwa mahali pa kifyatulio. Isielekezwe usoni mwa mtu. Simu ya pili irekodi kutoka nyuma ya mlinzi, ichukue mgongo wake, mikono na skrini. Marudio yatakuonyesha nukta na, muhimu zaidi, kidole kilikuwa wapi muda wote. Kidole kilichokaa kwenye kifyatulio kabla ya uamuzi ni kosa lenye uzito uleule wa kufyatua isivyostahili, kwa kuwa kujikwaa au kushtuka kunatosha kukikaza.

Usalama hauna mjadala. Agosti 2016, huko Punta Gorda, Florida, polisi walikuwa wakiwaonyesha raia zoezi la "piga, usipige" kwa revolva iliyodhaniwa ina risasi baridi. Zilikuwa za kweli. Mkutubi mstaafu wa miaka 73 akafa mbele ya wenzake. Kwa hiyo silaha halisi haiingii kwenye chumba cha zoezi, hata iliyofunguliwa na kukaguliwa. Ziwekwe chumba kingine, kifungwe, ufunguo uwe na mtu asiyeshiriki. Kila anayeingia, bosi na mpiga picha wakiwemo, apekuliwe na watu wawili kwa zamu: mifuko, kiuno, soksi, begi. Akitoka hata kwenda chooni, anapekuliwa upya. Bunduki za mbao zipakwe rangi ya bluu au ya chungwa. Awepo msimamizi wa usalama asiye na kazi nyingine yoyote, mwenye filimbi. Ikilia, kila mtu anaganda. Mkitaka kuagiza silaha za mazoezi zinazofanana na za kweli, pitieni kwanza Polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea bandarini.

Walinzi sita kwa nusu siku wanatosha. Tukio dakika 2, maelezo ya maandishi dakika 5, mazungumzo dakika 10, kuandaa linalofuata dakika 3. Kwa saa nne kila mmoja anapata matukio mawili, na arobaini wanakwisha kwa makundi saba ndani ya robo ya mwaka. Wanaosubiri wakae mbali wasisikie. Watanong'onezana tu, kwa hiyo wa tatu mbadilishie mwisho.

Kabla ya kuingia, mpe mlinzi habari zilezile ambazo angepata lindoni kwa redio, nusu nusu na zenye utata. Kisha atoe amri kwa sauti yake. Utashangaa wangapi wanasema "usisogee!" na "lala chini!" kwa pumzi moja, mtu hawezi kutii yote mawili, na kuvunja moja kunahesabiwa kuwa ni ukaidi. Amri iwe moja, fupi, na inayosema kitu cha kufanya: "Mlinzi mwenye silaha! Weka panga chini!" Wakiwa wawili, anaongea mmoja.

Mazungumzo ya baadaye ndiyo mafunzo yenyewe. Mlinzi aandike kabla hajaona marudio: niliambiwa nini, niliona nini, nilifanya nini, kwa nini. Ukimwonyesha video kwanza ataandika video. Baada ya hapo usianze na "kwa nini ulifyatua?", atajitetea mpaka jioni. Anza na "niambie ulichokiona", kisha "kabla ya hapo ulikuwa unajua nini", kisha "ulikuwa na nafasi gani nyingine". Msukume kwenye kilichoonekana. "Alikuwa anatisha" hakisaidii chochote kituo cha polisi wala mahakamani. "Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya shati upande wa kiuno, nikaona mpini mweusi, nikamwambia mara mbili autoe taratibu, akapiga hatua kuja kwangu" ni maelezo. Akishamaliza, ndipo mtazame video pamoja, na yale aliyoyakosa usiyaite uongo: mtu aliyetishika huona kidogo na husikia kidogo. Risasi moja iliyotoka baada ya mtu kuangusha panga nayo ichambue kwa utulivu. Jicho, ubongo na kidole vinahitaji kama robo ya sekunde kuitikia ishara rahisi, zaidi kama kuna la kuchagua, na kusimamisha mkono ulioanza kuvuta ni kazi vilevile. Risasi mbili au tatu za ziada hizo ni kosa la kutokutazama.

Kwenye fomu ya alama, muda wa kufyatua usiwekwe kabisa. Pima umbali aliouweka, kinga aliyoitumia, amri, taarifa kwa redio, kidole, walioko nyuma ya mlengwa, kuacha tishio likiisha, na huduma ya kwanza kwa aliyeumia. Hilo la mwisho walinzi wengi hulisahau. Zoezi lisiitwe limekwisha mpaka mtu amefungwa kidonda. Na nusu ya matukio yachezwe na watu halisi, nje, kwenye gari na geti lenu, ili kurudi nyuma kuwe na maana.

Mambo madogo ya chumba: mapazia mazito, kwani projekta ya ofisi haiwezi kupambana na mwanga wa saa saba mchana, na kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa sababu projekta ya taa ikizimwa ghafla feni inasimama taa ikiwa bado moto, na taa haitadumu.

Baada ya miezi sita, mkiwa na matukio yenu kumi na wakufunzi wawili wanaoweza kuendesha mazungumzo bila kugombana, mwiteni tena muuzaji. Mwulizeni kama mtaweza kuingiza video zenu na kupanga miisho ya matukio wenyewe bila kumlipa. Je, shotigani inaonyesha mtawanyiko au nukta? Leza ikifa, inatengenezwa Dar au inasafirishwa nje, na kwa wiki ngapi? Leseni ya programu inalipwa kila mwaka? Ombeni mashine ikae kwenu wiki nzima na walinzi wenu, si onyesho la saa moja hotelini. Akikataa hilo la video zenu, hayo mengine hakuna haja ya kuyauliza.